Hodi kwenye Jiwe la Saba

Nchi zinazosimuliwa hapa hazipo. Ziko juu sana, kupita mawingu, kupita mwezi, mahali ambapo hata harufu ya kitunguu cha jirani haifiki. Kwa hiyo msomaji mwenye tabia ya kusoma huku akinong'ona "huyu ni fulani, na yule ni fulani" aiache tabia hiyo mlangoni pamoja na viatu vyake. Hakuna fulani. Kuna Dola Tukufu upande wa kulia, kuna Jamhuri Adilifu upande wa kushoto, na katikati kuna mawe.

Mawe hayo huelea. Yapo maelfu, yanaitwa Ukanda, na sheria haifiki huko. Si kwamba ilipotea njia. Ilizuiwa kwa mkataba, ukatiwa sahihi na nchi zote mbili, na siku ya kutiwa sahihi ikafanywa sikukuu.

Kwenye Jiwe la Saba walikaa watu mia tatu na arobaini, wachimbaji wa barafu. Barafu yao iliyeyushwa ikanywewa na Watukufu na Waadilifu, nao wenyewe wakanywa iliyobaki. Kwa kuwa nje ya jiwe hakuna hewa, waliishi chini ya kuba la nailoni nene inayoonyesha nje, wametulia humo kama chakula chini ya kawa.

Kuba hilo lilikuwa na viraka mia mbili na kumi na mbili. Aliyevijua vyote ni Somoe binti Kibwana, mziba matundu, mwanamke wa miaka ishirini na minne ambaye alizungumza na viraka zaidi kuliko na watu. Kazi aliirithi kwa mama yake. Shule aliachia darasa la nne, siku ilipotobolewa shule pamoja na mwalimu, lakini kuandika majina ya watu alikuwa amekwishajifunza, na kwa kazi yake hakuhitaji zaidi.

Maana wahuni wa Ukanda walikuja kila miezi mitatu, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Saa hiyo ilipangwa kwa hekima, ili wakubwa wa nchi zote mbili wapate kutoa tamko kabla ya chakula cha mchana. Walitua juu ya kuba, wakatoboa kwa keekee tundu la upana wa sinia, wakashuka kwa kamba, wakachukua theluthi ya mitungi ya hewa, wakapanda, wakaenda zao. Aliyekuwa amesimama chini ya tundu wakati linafunguka alichukuliwa na hewa iliyotoka, akaenda nayo. Ndipo Somoe alipanda ngazi na ndoo ya gundi, akabandika turubai jeusi, na pembeni mwa kiraka akaandika kwa brashi jina la aliyekwenda. Viraka vichache vilikuwa na jina la mbuzi. Hivyo viliitwa vya bahati. Kiraka cha mia na themanini kilikuwa na jina la mama yake.

Asubuhi moja Somoe alipanda kukagua, akavuta ncha ya kiraka kimoja kwa kidole. Kiraka kikasogea. Kilikuwa kimeshikwa na kiraka kingine, na hicho kingine kimeshikwa na cha tatu, na chini ya cha tatu hapakuwa na nailoni, palikuwa na gundi tu. Akazunguka kuba zima siku mbili. Nailoni ya asili ilikuwa imebaki mahali pamoja, kipande cha ukubwa wa mkeka wa kulalia, juu ya uwanja karibu na jiko la wote. Hapo ndipo watoto walipopelekwa kuonyeshwa nyota. Kwingine kote kuba lilikuwa jeusi, na likitobolewa tena lingepasuka lote, kama kanga iliyooshwa miaka kumi.

Alishuka akamwambia shangazi yake. Shangazi Mishi alikuwa mpishi wa jiko la wote, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Basi nenda kwa wakubwa," alisema Shangazi Mishi. "Mimi nikienda nitawatukana. Wewe huna maneno mengi, labda watayasikia hayo machache."

Ilikuwa imebaki miezi miwili kufika Jumatano.

*

Shida ya kwanza ilikuwa usafiri. Chombo cha Dola Tukufu hakiruhusiwi kuingia Ukanda, cha Jamhuri Adilifu hakiruhusiwi vilevile, na watu wa Ukanda hawaruhusiwi kuwa na chombo, kwa usalama wao. Waliokuwa na ruhusa ya kwenda popote ni wahuni peke yao. Basi Somoe akapeleka ombi kwa Kapteni Ngwali, mkuu wa wahuni, kwamba ampeleke akamshitaki.

Kapteni Ngwali hakuona ubaya. Alikuwa mtu wa miaka sabini mwenye kikohozi kikavu. Mguu wa kushoto alivaa buti la jeshi la Dola Tukufu, na wa kulia buti la jeshi la Jamhuri Adilifu, kwa sababu kila nchi ilikataa katakata kumpa mhalifu jozi nzima.

"Unaanza kunishitaki wapi, binti?" aliuliza alipomfungulia mlango wa chombo.

"Kwa Watukufu."

"Vaa shali. Kule wanaweka baridi kwenye maofisi."

Njia nzima Somoe alitazama mikono ya mzee yule, akijiuliza ni upi ulioshika keekee siku ya kiraka cha mia na themanini. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa haya, na haya haichagui wa kumwonea.

Dola Tukufu ilikuwa na Idara ya Kuwalaani Wahuni, jengo la ghorofa nane. Ghorofa ya kwanza hadi ya sita waliandika laana. Ya saba walichagua ukali wake, maana kuna kulaani, kuna kulaani vikali, na kuna kulaani kwa nguvu zote, na mwaka ule bajeti ya nguvu zote ilikuwa imekwisha mwezi wa tatu. Ghorofa ya nane alikaa mkurugenzi, Kanali Mahanyu. Mlangoni pake palibandikwa picha ya Kapteni Ngwali na maandishi ANATAFUTWA. Kapteni Ngwali alikaa kwenye benchi chini ya picha hiyo, akashika mfuko wa Somoe, na askari wa zamu akamletea chai.

Ndani, Somoe alisema aliyoweza. Alisema kuba limechoka. Alisema watu ni mia tatu na arobaini. Alisema mheshimiwa ana manowari mia nne za anga, na wahuni wana chombo kimoja ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba.

Kanali Mahanyu hakukasirika. Alivuta ubao wa drafti uliokuwa mezani, wenye vizibo vya soda, vyekundu huku na vya kijani kule, na akamfundisha kama mtu anayempenda mtoto wa mwenzake. Alisema safu za katikati haziwekwi kete mwanzo wa mchezo, na mchezo ndiyo maana unachezeka. Tukiingiza manowari Ukanda, alisema, na Waadilifu wataingiza. Sheria yetu itakutana na sheria yao juu ya jiwe moja. Sheria mbili mahali pamoja ni vita. Sheria moja ni ushindi, na ushindi huletwa na vita. Lakini pasipo na sheria kabisa ni amani.

"Tena fikiri, dada," alisema, akasukuma kizibo kimoja chekundu kikagusana na cha kijani. "Wahuni wakiondoka, askari wetu na askari wao watakuwa wanaonana kwa macho. Wakionana watasalimiana. Ukishamjua mtu mama yake anaumwa miguu, utampigaje risasi? Nchi itakuwa imekufa."

Somoe akauliza kama, basi, wahuni wanaweza kuombwa wasitoboe.

"Tunawalaani kila robo ya mwaka," alisema Kanali Mahanyu kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa. "Unataka tufanye nini zaidi?"

*

Jamhuri Adilifu haikuwalaani wahuni. Hiyo waliiona ni tabia ya Watukufu, watu wakali wasio na utu. Jamhuri Adilifu ilisikitika. Ilikuwa na Tume ya Kusikitishwa, na katibu mkuu wake, Bi Fungameza, alimpokea Somoe kwa kumkumbatia na kumpa leso yenye nembo ya taifa. Leso ilikuwa na namba, na ilitakiwa kurudishwa.

Bi Fungameza alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Kanali Mahanyu hakulifanya, na machozi yalimtoka mahali panapostahili. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba atamwambia ukweli kama dada kwa dada. Rais wa Jamhuri Adilifu anaumwa magoti. Dawa ya magoti hutengenezwa Dola Tukufu peke yake, na biashara na adui ni uhaini. Nani ataileta? Manowari za Jamhuri Adilifu zinakula vipuri, na vipuri hutengenezwa Dola Tukufu. Nani atavileta? Nao Watukufu wanapenda zabibu kavu za huku, na kila mwezi zinafika.

"Hatuwezi kupigana na Watukufu bila vipuri vya Watukufu," alisema Bi Fungameza. "Tutaonekana watu wa ajabu."

"Lakini hiyo ni mizigo," alisema Somoe. "Wahuni wabebe mizigo. Kwa nini watutoboe?"

Bi Fungameza akapangusa jicho. Alieleza kwamba mhuni asiyetoboa si mhuni, ni mchukuzi tu. Mchukuzi wa mizigo ya adui lazima akamatwe. Akikamatwa atasema mizigo ni ya nani. Kwa hiyo tundu, ukilitazama vizuri, ndilo linalomlinda Rais.

Walimwandikia cheti cha kusikitikiwa, daraja la pili. Daraja la kwanza lilihitaji maiti, na maiti za Jiwe la Saba huwa hazibaki.

*

Wakati wa kurudi, Somoe alitazama nchi ya Waadilifu mpaka ikawa nukta. Kisha, pasipo kumtazama Kapteni Ngwali, akasema, "Kiraka cha mia na themanini kina jina la Mwanaidi binti Shehe. Ni mama yangu."

Mzee akakohoa. Alisema wao huwa juu ya kuba wakati wa kutoboa. Wanasikia hewa inatoka, wanangoja itulie, wanashuka wamefunika nyuso, wanachukua mitungi. Kwenye fomu ya uvamizi kuna mstari wa kuandika idadi ya matundu. Mstari wa majina haupo.

"Mimi ninao," alisema Somoe, akaanza kuyataja. Aliyataja yote, tangu kiraka cha kwanza, kwa mpangilio, na majina ya mbuzi hakuyaacha. Safari ilikuwa ndefu na majina yakaitosha. Kapteni Ngwali aliendesha chombo mikono ikiwa imekaza, na alipofika karibu na jiwe lenyewe akasema kwamba mara tatu amewahi kuomba kujisalimisha.

Akamwonyesha majibu. Dola Tukufu ilimjibu kwamba ombi lake linalaaniwa. Jamhuri Adilifu ilimjibu kwamba imesikitishwa nalo.

"Mimi ni mpaka, binti," alisema. "Umewahi kuona mpaka unastaafu?"

Somoe alifikiri juu ya jambo dogo, la fundi. "Kwa nini hamuingii mlangoni?"

"Mlango upi?"

"Upo. Upande wa jikoni, una kijumba cha kuzuia hewa isitoke. Ndio ninaotokea mimi kuja kwako."

Mzee aligeuka akamtazama. Miaka thelathini alikuwa ameingia kwa juu, kwa sababu aliyemtangulia aliingia kwa juu. Tena alishampokea Somoe kwenye mlango huo wiki ile ile, na haikumjia kichwani kuwa ni mlango. Aliuliza kama una ufunguo.

"Haufungwi," alisema Somoe. "Nani alikuwa aje?"

*

Jumatano ilifika, na saa nne asubuhi chombo cha wahuni hakikutua juu ya kuba. Kilitua kando. Watu mia tatu na arobaini walikuwa wamejibanza kutani, wamefunga watoto kwa kanga kwenye nguzo, na wakasikia kitu ambacho hakijawahi kusikiwa katika historia ya vita.

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango, ikakohoa.

Hapa ndipo lilipotokea kosa, na anayetaka kulaumu alaumu malezi. Shangazi Mishi alikuwa na mwiko mkononi, amekusudia kumpiga nao mhuni wa kwanza. Lakini alilelewa vizuri. Neno lilimtoka kabla hajafikiri.

"Karibu."

Mlango ukafunguka, wakaingia wahuni kumi na wawili, wakavua mabuti yasiyolingana. Na kwa kuwa huwezi kumkaribisha mtu kisha umwache amesimama, Shangazi Mishi akawaambia wakae. Na kwa kuwa huwezi kumkalisha mtu ukamtazama tu, akawapa uji. Walikunywa wakitazama chini. Mmoja akasifu, akaambiwa akome, sifa zake aziweke kwake. Kisha wakachukua mitungi ya hewa kama kawaida, theluthi, wakaaga. Watoto wakafunguliwa kwenye nguzo. Somoe alitazama juu. Viraka vilikuwa mia mbili na kumi na mbili, kama jana.

Wazee wa jiwe walisema ile ndiyo siku ya uvamizi ya kwanza walipokula chakula cha mchana bila kumhesabu aliyepungua.

*

Habari ilipofika kwenye nchi mbili, ilivuruga mambo. Ghorofa sita za waandishi wa laana zilikaa kalamu mkononi, hazijui zilaani nini. Tume ya Kusikitishwa ilikuwa imekwisha kulowanisha leso. Fomu ya uvamizi ilirudi na neno "hakuna" kwenye mstari wa matundu, na karani aliyeipokea akapewa likizo ya ugonjwa.

Kanali Mahanyu aliita mkutano, na hotuba yake ilirushwa hewani. Alisema uvamizi usiotoboa ni ziara. Ziara ikijibiwa kwa uji ni uhusiano. Watu wenye uhusiano, wenye mlango, na wenye desturi ya kupokea wageni, hao wanaitwa taifa. "Leo wanapiga hodi," alisema, "kesho watapiga kura." Upande wa pili Bi Fungameza alitoa hotuba hiyo hiyo kwa machozi.

Hapo nchi mbili zilizokuwa hazisemezani kwa miaka arobaini zikasemezana. Iliundwa Tume ya Pamoja ya Kurejesha Uvunjifu wa Sheria. Manowari moja ya kila upande iliruhusiwa kuingia Ukanda, kwa siku moja, bega kwa bega, na askari walifungwa vitambaa machoni wasije wakasalimiana.

Tume ilitua Jiwe la Saba, ikaingia kwa mlango. Kapteni Ngwali alikuwa ameletwa pia, mikono imefungwa kwa pingu mbili, moja ya kila taifa. Watu walikusanyika uwanjani. Kanali Mahanyu aliwatuliza. Alisema hakuna anayelaumiwa, palitokea upungufu tu, na upungufu unarekebishika. Robo ile ya mwaka haina tundu. Linahitajika tundu. Na kwa kuwa Tume haitaki kumuumiza mtu yeyote, imeamua litobolewe na mtaalamu wa jiwe lenyewe, mwenye kujua wapi panafaa.

Akampa Somoe keekee.

Somoe aliishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mpini wake ulikuwa umelainishwa na mikono ya watu.

"Naombeni muda kidogo," alisema Somoe, "na kwa ajili ya usalama wenu mngoje nje ya mlango, ndani ya vyombo. Hewa haichagui cheo."

Hilo Tume ililielewa upesi, ikatoka, hata adabu ya kupishana mlangoni ikasahaulika.

Somoe akaweka keekee chini. Akachukua ndoo ya gundi, akakata turubai la ukubwa wa mkeka, akapanda ngazi mpaka pale penye nailoni ya asili, pale pa kuonyeshea nyota, akabandika kiraka mahali pasipo na tundu. Alipachagua kwa sababu ndipo peke yake paliposhika. Chini yake watoto walilia walipoona nyota zinazibwa, lakini watoto huacha kulia.

Tume iliporudi ikakuta kiraka cha mia mbili na kumi na tatu kinang'aa gundi mbichi. Ikapongeza. Ikasema tundu limetobolewa na kuzibwa kwa ufanisi wa hali ya juu. Bi Fungameza akapanda ngazi mwenyewe, miwani puani, akakagua. Kisha akashuka uso umeingia kiza.

"Hakina jina," alisema. "Viraka vyote vina jina pembeni. Hiki hakina."

Watu wote wakatazama chini. Kanali Mahanyu akakubali kwamba ni kweli, desturi za wenyeji lazima ziheshimiwe, na akaanza kupitisha macho kwenye umati, polepole, kama mama anayechagua kuku wa mgeni. Macho yakapita kwa mchimbaji mmoja, yakapita kwa mtoto, yakatua kwa Shangazi Mishi.

"Andikeni langu," ilisema sauti, ikakohoa.

Kapteni Ngwali alinyoosha mikono yake yenye pingu mbili. Alisema, kwa heshima zote, kwamba mpaka hauwezi kustaafu, lakini hajasoma popote kwamba hauwezi kufa. Tume ikanong'onezana. Ikaonekana hakuna kifungu kinachokataza. Somoe akapanda tena, akachovya brashi, akaandika pembeni mwa kiraka, kwa herufi za darasa la nne: NGWALI WA HAMADI. Marehemu akafunguliwa pingu na kuombwa akae nyuma, asiharibu picha ya pamoja.

Kabla ya kuondoka Tume ilisoma maazimio mawili. La kwanza, atateuliwa kapteni mpya. La pili, kwa kuwa tundu la mia mbili na kumi na tatu ndilo tundu pekee lililokaguliwa na kuidhinishwa na nchi zote mbili, uvamizi wote utapitia hapo, ili kuwapunguzia wenyeji usumbufu.

Somoe alisikia. Akafungua mdomo kusema hapo hakuna tundu, hapo ndipo palipobaki pazima. Akaufumba. Angesema hivyo, Tume ingemrudishia keekee.

*

Kapteni mpya aliitwa Shomvi, kijana nadhifu aliyehitimu wa kwanza katika chuo cha uhuni kilichofunguliwa upesi upesi na nchi zote mbili kwa ubia. Ngwali alimwandikia barua kumweleza habari za mlango, upande wa jikoni, haufungwi. Barua ilirudishwa. Juu yake palikuwa na muhuri: mwandishi ni marehemu.

Miezi mitatu marehemu aliishi Jiwe la Saba. Alilala stoo ya gundi, alimsaidia Somoe kukoroga, na kila asubuhi alimwomba amtajie majina kumi ya viraka, naye akayarudia mpaka yakamkaa. Shangazi Mishi alikuwa akimwita maiti. "Maiti, leta kuni." "Maiti, uji wako unapoa." Alimpa bakuli lake mwenyewe, na mtu yeyote akiuliza kwa nini muuaji anapewa uji, alisema hajui, aulizwe yule aliyesema karibu.

Jumatano ilipofika, Shangazi Mishi alipika uji wa watu kumi na wawili. Watu wa jiwe wakasimama karibu na mlango, wameoga, wengine wamevaa nguo za sikukuu. Waliwaza kwamba kijana ni kijana, lakini naye kazaliwa na mama, kafundishwa kitu. Saa nne kamili kivuli cha chombo kikapita. Shangazi Mishi alikuwa amekwishaweka neno mdomoni, tayari, linangoja tu kuitwa.

Walingoja hodi.

Sauti ilitoka juu. Ilikuwa ya keekee, inaingia kwenye kiraka cha mia mbili na kumi na tatu.

Ngwali alikuwa amefika nusu ya ngazi kabla mtu mwingine hajageuka. Yeye ndiye aliyejua inachukua muda gani, maana alikuwa amesimama upande ule miaka thelathini. Somoe alikimbilia ndoo. Nailoni ya asili ilikuwa nene, na kiraka juu yake, keekee ikalalamika, ikapita. Hewa ya Jiwe la Saba ikaanza kwenda. Uji ukainuka kwenye sufuria. Mzee akageuza mgongo, akaukaza kwenye tundu lile, miguu imejifunga kwenye ngazi, buti la kushoto na buti la kulia, na hewa ikasimama.

Juu, kijana Shomvi aliona tundu alilopewa na serikali mbili limeziba. Alingoja dakika zilizoandikwa kwenye mwongozo, akajaza fomu, akaondoka. Kitabu hakikusema cha kufanya zaidi.

Kuba halikupasuka. Mahali pale palikuwa pazima. Palishika.

Gundi hukorogwa kwa muda wa kuchemsha chai, na haiharakishwi. Somoe alikoroga, machozi yakiingia ndooni. Alipopanda alimwita, "Baba Ngwali." Mzee hakujibu, ila mgongo wake ulikuwa bado kazini. Walimshusha watu wanne, na Somoe akabandika turubai dogo katikati ya lile kubwa, akalikandamiza kwa viganja mpaka likatulia.

Saa sita kasoro robo, kabla ya chakula cha mchana, tamko la pamoja likatolewa. Dola Tukufu ililaani vikali. Jamhuri Adilifu ilisikitika sana. Zote mbili zilifurahi kuutangazia ulimwengu kwamba katika uvamizi huo hakuna aliyepoteza maisha, kwani mtu pekee aliyeguswa alikuwa ameshafariki robo iliyopita.

Somoe hakulisikia. Alikuwa bado juu ya ngazi. Alimaliza kukandamiza, akapangusa mikono, akachovya brashi kwenye wino kama alivyofundishwa na mama yake, akainama pembeni mwa kiraka aandike jina.

Jina lilikuwepo. Wino wake ulikuwa umekauka zamani.